Nyekundu kwa root, kijani kwangu

Umeme umerudi saa tatu usiku hapa Mwanga, Kigoma. Nilipowasha seva ya ofisi, kazi ya kwanza ilikuwa kuupaka rangi ule mstari unaosubiri amri. Nimechelewa mno.

Jumanne nilikuwa nimefungua madirisha mawili ya teminali, ya kuandikia amri, yote maandishi meupe juu ya weusi. Moja nimeingia kwa jina langu, jingine kama root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote. Nikaandika rm -r, amri ya kufuta folda na vyote vilivyomo, nikidhani nipo kwenye folda yangu ya majaribio. Ningekuwa kwa jina langu, Linux, mfumo unaoendesha seva, ingenikatalia, maana folda ile si yangu. Root hakatazwi. Manunuzi ya dagaa ya siku tatu yalipotea kabla sijainua kidole.

Nakala ya akiba ilikuwa ya Jumamosi. Yaliyobaki tuliyaingiza upya, dada wa hesabu akinisomea risiti za Kibirizi. Nyingine zilikuwa zimelowa, wino umetapakaa, 3 huitofautishi na 8. Hakunigombeza. Kila nilipoharakisha alisema tu, “Rudia hiyo, kaka, ni hela ya mtu.”

Alama ilikuwepo siku zote: $ ni mtumiaji wa kawaida, # ni root. Ila ni kialama kimoja mwishoni mwa mstari, na jicho lililochoka hukiruka. Kwa hiyo kwenye /root/.bashrc, faili la mipangilio ya root, nimeweka PS1, yaani sura ya mstari wenyewe:

PS1='\[\e[31m\]\u@\h:\w\$\[\e[0m\] '

31 ni nyekundu. Kwenye .bashrc yangu ni 32, kijani. Ile 0m mwishoni hurudisha rangi ya kawaida, la sivyo wekundu unamwagikia hadi amri unayoandika. Na \[ pamoja na \] usiziache: ndizo zinazoiambia Bash, programu inayopokea amri, isihesabu misimbo ya rangi kama herufi. Mwanzo niliziacha, amri ndefu ikajikunja ikaandikwa juu ya mstari uleule.

Ukitanguliza sudo kwa amri moja tu, mstari unabaki kijani ilhali anayetenda ni root. Hapo rangi haisaidii. Neno sudo lenyewe ndilo la kuliangalia.

Sasa hivi nimeingia kama root kukagua nakala ya leo. Wekundu ulipotokea, mkono ulisimama wenyewe juu ya kibodi. Nikasoma jina la folda kwa sauti, herufi kwa herufi, ndipo nikabonyeza. Nakala ipo. Nikaandika exit, kijani kikarudi.