Siku Nzima na Mama, Kutoka Moshi Mpaka Ziwa Chala

Saa kumi na mbili kasoro gari lilipiga honi getini, pale Pasua, na Mama alikuwa ameketi sebuleni na mkoba mapajani tangu saa kumi na moja. Dereva akashuka, akamwamkia, "Shikamoo mama," kisha akamfungulia mlango wa mbele na kumsubiri apande kwa mwendo wake. Nikajua tumepata mtu.

Kumpata kulichukua siku mbili. Wa kwanza alitaka pesa yote mkononi kabla sijaliona gari, nikamwacha. Na huyu tulielewana hivi: gari ni letu kuanzia asubuhi mpaka saa moja jioni, mafuta tunajaza sisi, chakula chake juu yetu, nusu ya malipo tukiondoka na nusu tukirudi, na tutasimama popote Mama atakaposema simama. Hilo la mwisho nililirudia mara mbili, maana ndilo hasa nililokuwa nalilipia. Magoti ya Mama hayawezi tena kupanda Hiace. Huku kwetu gari la siku nzima tunalikodi kwa msiba na kwa harusi, matembezi tunawaachia wageni. Nimeona wazee wengi wakimaliza miaka yao mjini, na kijiji walichozaliwa kiko mwendo wa saa moja tu.

Kiboriloni wauza mitumba walikuwa ndio kwanza wanafungua marobota. Mlima Kilimanjaro ulikuwa wazi, theluji iliyobaki imetulia juu ya kilele cha Kibo, Mawenzi pembeni. Anayetaka kuuona atoke mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Mama alinyoosha kidole upande wa kushoto, barabara inayopanda Old Moshi. "Kule ndiko Wajerumani walikomnyonga Mangi Meli," akasema. Mangi ni chifu wa Wachaga. Ilikuwa tarehe 2 Machi 1900, na wazao wa Meli wanaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, wanakitafuta mpaka leo. Mama alimtaja kama anavyotajwa mtu wa jirani. Hatukupanda, njia yetu ilikuwa ndefu.

Himo tukakata kushoto, na hewa ikaanza kubadilika. Marangu Mtoni tulisimama kwa sababu ya ndizi tu. Mama alikataa mkungu wa kwanza na wa pili, akataka mshare, ndizi ya kupika, akaubonyeza, akaunusa, akalipa. Kisha tukashika barabara ya Mwika.

Hapo ndipo "simama" zilipoanza. Simama, aone mfongo, ule mfereji wa kuleta maji ya mlimani kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, uliochimbwa na kutunzwa kwa zamu za ukoo. Ulikuwa na maji. Mama aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Simama, aone uzio wa masale, mmea ambao Mchaga akikuletea amekuja kuomba msamaha, na si rahisi kumkatalia. Dereva alizima injini kila mara, hakuuliza tutakaa dakika ngapi.

Nyumbani Mwika tulimkuta mkaza mjomba uani. "Shimbonyi," wakaamkiana na Mama, wakashikana mikono, ikawa muda mrefu hawajaachiana. Tulikula mtori. Baada ya chakula Mama alizunguka kihamba chote, akihesabu mibuni iliyobaki chini ya migomba. Babu alikuwa akipeleka kahawa yake chama cha msingi, na chama kikiuza kupitia KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933. Ada ya shule ya Mama ilitoka kwenye mibuni ile. Iliyobaki alihesabu kumi na minne. Hakusema neno, alivunja tu tawi kavu moja akaliweka kando.

Kutoka Mwika tukateremka kwenye barabara ya vumbi. Kwa dakika chache migomba ilikwisha, yakaja mahindi na maharage, kisha nyasi kavu na migunga. Asiyeijua Uchagani anaweza kudhani tumehamia mkoa mwingine. Kumbe ni maisha ya familia moja: kihamba juu, shamba chini. Mama alikuwa akitoka alfajiri na ndugu zake kwenda shambani, jioni wanapanda na mahindi kichwani. "Hapa tulikuwa tunapumzika," akasema, akionyesha mti. Mti mwingine, tena: "Na hapa." Tulikuwa tunashuka kwa gari lakini yeye alikuwa anapanda.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuliona Ziwa Chala. Lilikuwa karibu na shamba, ila wazee waliwakataza watoto kusogea ukingoni. Na ukifika unawaelewa. Unatembea kwenye nyasi, huoni dalili ya maji, ghafla ardhi inakatika na ziwa liko chini kabisa, ndani ya kuta za mwamba. Ni shimo la volkano, kina chake karibu mita 90, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita juu ya maji. Hakuna mto wa kudumu unaoingia. Sehemu kubwa ya maji huja chini ya ardhi, kutokana na mvua za Kilimanjaro. Mwaka 2016 watafiti walichimba tope la chini ya ziwa zaidi ya mita 200, wasome humo historia ya mvua na ukame wa huku.

Nilipomweleza Mama kwamba maji haya yametoka mlimani kwa njia ya chini, alitabasamu. "Basi yamepita chini ya miguu yetu."

Tulimtandikia kitenge mbali na ukingo. Akamuuliza dereva kama huwa anafika hapa. Akajibu kwamba huleta wageni, ila yeye hubaki na gari. "Kaa, mwanangu," Mama akamwambia, akasogea kumpisha. Tukakaa watatu karibu saa nzima. Upepo ulikuwa ukikwangua maji upande wa Kenya, kwetu yalikuwa yametulia, bluu iliyokolea.

Tulirudi kwa Holili. Mama alilala kabla ya Himo, ndizi zake miguuni. Getini ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Nilipokuwa nahesabu nusu ya malipo iliyobaki, alishusha kioo akamuuliza dereva, "Jumamosi ijayo una nafasi? Nataka tupande Old Moshi."