Paka mzee alikuwa akikojoa nje ya beseni: jinsi nilivyotatua

Jirani yangu wa Mji wa Kale, Mombasa, alipohama aliniachia Bibi, paka wa miaka kama 14. Wiki ya kwanza alikojoa kila mahali ila kwenye beseni la mchanga. Nikabadilisha mchanga, nikasugua sakafu kwa siki, wapi! Kisha nikamtazama kwa makini: anafika ukingoni, anainua mguu, anasita, anageuka. Maskini, viungo vilikuwa vinamuuma. Daktari wa mifugo alimpapasa nyonga akasema ni baridi yabisi. Akapima na mkojo, maana figo na kisukari huwasumbua sana paka wazee.

Nilipasha kisu moto, nikakata upande mmoja wa beseni mpaka ukabaki sentimita 5, nikalainisha ukingo kwa msasa. Nikalisogeza karibu na anapolala na kutandika mkeka ili asiteleze. Siku ya tatu aliingia mwenyewe. Nilimkumbatia!

Dawa ya maumivu anayotumia ni ya daktari tu. Tafadhali, usimpe paka parasetamoli hata kipande, humuua. Sasa namtengenezea kipandio cha kufikia dirishani, anapopenda kuota jua.