Mbegu kwenye bahasha, vita kwenye gazeti

Moshi, mwisho wa masika

Wiki hii nimerudia kusoma barua ambazo Charles Darwin na Asa Gray waliandikiana kati ya 1861 na 1865, Wamarekani walipokuwa wakipigana wao kwa wao, majimbo ya Kaskazini dhidi ya yale ya Kusini yaliyotaka kujitenga. Darwin alikuwa kijijini Downe, nje kidogo ya London. Gray alikuwa profesa wa mimea Harvard, Massachusetts. Walianza kuandikiana 1855, na mwaka 1857 Gray alikuwa miongoni mwa wachache sana walioelezwa kwa barua nadharia ya Darwin ya uteuzi asilia, miaka miwili kabla ya kitabu chake kuihusu kutoka. Vita ilipoanza Aprili 1861 walikuwa wameshazoeana kiasi cha kuweza kugombana bila kuachana.

Kinachonirudisha kwenye barua hizi ni namna walivyoulizana maswali. Ila maswali hayo hayaeleweki vizuri mpaka uijue posta ya wakati ule. Waya wa simu ya maandishi uliolazwa chini ya Atlantiki mwaka 1858 ulikufa baada ya wiki chache, na uliodumu haukupatikana hadi 1866, vita ikiwa imekwisha. Kila habari ilisafiri kwa meli ya mvuke, wiki mbili hivi kwenda na nyingine mbili kurudi. Tarehe 8 Novemba 1861 manowari ya Kaskazini iliisimamisha meli ya Uingereza iitwayo Trent na kuwashusha wajumbe wawili wa Kusini waliokuwa wakielekea Ulaya. London ilipata habari tarehe 27. Uingereza ikaanza kupeleka askari Kanada, na watu wakaanza kuhesabu siku. Tarehe 11 Desemba Darwin alimwandikia Gray kwamba huenda barua hiyo ikimfikia nchi zao zitakuwa tayari vitani, na wao wawili, kama wazalendo wema, itawabidi wachukiane, ingawa kumchukia Gray ataiona kazi ngumu sana. Washington iliamua kuwaachia wale wajumbe tarehe 26. Darwin hakuwa na njia ya kulijua hilo mpaka Januari.

Hawakuwa na msimamo mmoja. Darwin alichukia utumwa tangu ujana, na mwaka 1861 alitamani Kaskazini itangaze waziwazi kwamba inapigana ili kuufuta. Rais Lincoln alipotoa tangazo lake la Septemba 1862 la kuwaachia huru watumwa wa Kusini, ambalo lingeanza kufanya kazi Januari 1863, Darwin bado alikuwa na shaka kama Kaskazini ingeweza kuishinda Kusini na kuishikilia. Gray hakuwa na shaka hiyo hata kidogo. Joseph Hooker wa bustani ya Kew, rafiki wa wote wawili, hakuwa na huruma na Kaskazini kama aliyokuwa nayo Darwin, kwa hiyo Darwin akajikuta katikati. Alikuja kukiri Aprili 1866, mwaka mmoja baada ya kuanguka kwa Richmond, mji mkuu wa Kusini, kwamba Waingereza walikosea sana kudhani Kusini isingeshikika. Na hapo ndipo anaposema kwamba katika gazeti la The Times hajali kitu kingine chochote isipokuwa habari za Marekani.

Katikati ya hayo yote kuna stempu. Kiangazi cha 1862 mtoto wa Darwin, Leonard, mwenye miaka 12, aliugua homa ya vipele vyekundu, na hali ikawa mbaya. Gray akawa anatia stempu za Marekani kwenye bahasha kwa ajili yake. Darwin anaeleza jinsi kijana, dhaifu kitandani, alivyojiinua kwa kiwiko kimoja kuzitazama na kuagiza Profesa Gray ashukuriwe sana. Mimi naiona sehemu hii kuwa na uzito kuliko kurasa nyingi za siasa zilizoizunguka.

Sasa maswali yenyewe. Agosti 1862 Darwin aliandika kwamba Lythrum, jamii ya mimea ya maua, imemtia wazimu, akamsihi Gray kwa jina la mbingu atazame spishi za kwao na ampatie mbegu. Lythrum salicaria ina maua ya aina tatu, kila mmea na aina yake: yenye mrija wa kike mrefu, wa kati na mfupi. Stameni, yaani sehemu za kiume zenye chavua, nazo zimegawanyika katika urefu ule uliobaki. Kumjibu Darwin, Gray hakuhitaji maabara. Alihitaji ua, wembe na lenzi ya mkononi. Na majibu yalikuwa na nguvu ya kumrekebisha Darwin mwenyewe. Katika kitabu chake cha okidi cha Mei 1862, Darwin alidhani kwamba mdudu huchavusha Cypripedium, okidi yenye umbo la kiatu, kwa kupenyeza ulimi kwenye tundu dogo la pembeni. Gray aliyatazama maua ya Marekani akasema hapana: mdudu mdogo huingia mzima kupitia tundu kubwa la juu, kisha hutokea tundu dogo akiwa amepakwa chavua mgongoni. Darwin akamtia nyuki mdogo ndani ya ua. Nyuki akatoka kama Gray alivyosema.

Kuna barua unazisoma ukaona aibu kidogo kwa niaba ya Darwin. Aliye kwenye amani ndiye anayeomba, na ambaye nchi yake inawaka ndiye anayetumwa. Lakini ukiangalia vizuri, alichoombwa Gray kwa kawaida kingeweza kufanyika karibu na nyumbani, na jibu likaingia kwenye sentensi mbili.

Mfano mzuri kuliko yote ni vikono, ile mikono myembamba ambayo boga, tango na pasheni hutumia kushika uzio. Mwaka 1858 Gray alichapisha maelezo mafupi kuhusu kikono cha mmea wa jamii ya tango kinachojikunja baada ya kuguswa, kisha akamtumia Darwin mbegu za Echinocystis lobata, tango-mwitu la kwao. Mwaka 1863 Darwin, mgonjwa na hawezi kutoka mara kwa mara, aliukuza chumbani akaona kwamba ncha ya mmea haitulii: inazunguka mchana kutwa na hata mwanzo wa usiku ikitafuta pa kushika. Maelezo yake marefu kuhusu mimea inayopanda juu kwa kujishika yalitoka 1865, mwaka vita ilipokwisha, na mbegu za Gray zimo ndani yake.

Hapa kwetu hili linaangaliwa bila gharama, maana karibu kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kina boga na kila uzio wa pili una pasheni. Chagua kikono cha pili au cha tatu kutoka kwenye ncha, kilichorefuka lakini bado kimenyooka, chenye kindoano kidogo mwishoni. Kichanga mno hakihisi, na kilichozeeka kimeshajikunja au kimekuwa kigumu. Fanya kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, jua likiwa limepasha joto. Kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu yanapoufunika mlima, mambo huenda polepole mpaka mtu akadhani mmea umekufa. Sugua upande wa ndani wa kindoano kwa kijiti laini, mara moja au mbili, kisha ondoa mkono. Kwenye Passiflora gracilis Darwin aliona mwendo ukianza baada ya sekunde 25 hivi, na kitanzi cha waya wa platina chenye miligramu 1.23 kilitosha kukikunja kikono. Pasheni yetu ya kula ni spishi nyingine, kwa hiyo mpe dakika kadhaa. Kisiposhika kitu, kikono hunyooka tena baada ya saa chache, na unaweza kurudia.

Makosa ya kawaida ni mawili. La kwanza ni kusugua upande wa nje, ambao kwa mimea mingi hausikii vizuri. La pili ni kubana kwa vidole, ukaumiza ngozi ya kikono, kisha ukaandika kwamba kimejikunja kumbe kinanyauka. Ukitaka kufurahi, kidondoshee maji kwa sirinji: hakitajali. Mmea ambao ungeshtuka kwa kila tone ungeisha nguvu masika yote bila kushika kitu.

Kupima mzunguko wa ncha ya mmea kunahitaji subira zaidi. Weka mche kwenye chungu, funga shina kwenye kijiti ili sentimita 20 au 30 za juu tu ziwe huru, laza kipande cha kioo juu yake na utie alama ya kalamu pale ncha ilipo kila baada ya dakika 10. Unganisha alama. Ukiweka dirishani, duara litapinda na nusu moja itakwenda haraka kuliko nyingine, kwa sababu mwanga huvuta: ncha hukimbilia dirisha na kujivuta inapoliacha. Weka katikati ya chumba, au geuza chungu na uandike kwamba umekigeuza.

Kisha subiri kikono kishike waya. Baada ya siku moja hivi kitaanza kujisokota katikati, na hapa ndipo penye uzuri. Kwa kuwa ncha zote mbili zimefungwa, hakiwezi kusokotwa upande mmoja tu bila kujinyonga. Nusu ya mizunguko huenda kulia, nusu kushoto, na katikati hubaki kipande kifupi kilichonyooka. Hesabu pande zote mbili: huwa sawa au karibu sawa. Kikono ambacho hakikushika kitu hakina mgawanyo huo. Hujikunja upande mmoja au hunyauka na kudondoka. Msokoto huo huuvuta mmea juu na kuuachia ulegee kidogo upepo ukivuma. Darwin alitoka kwenye tufani makusudi kuliona jambo hili kwenye uzio wa miti ulio wazi kwa upepo, na vikono havikukatika.

Kwa habari ya maua ya aina mbili, ambayo Darwin aliyaeleza kwa mmea wa Primula katika makala iliyochapishwa mwaka 1862 na Linnean Society, chama cha wanasayansi wa viumbe cha London, sisi tuna Pentas lanceolata, kichaka cha maua madogo ya nyota tano, waridi au meupe, kinachoota porini kwenye kingo za misitu na kupandwa bustanini. Mmea mmoja hutoa stigma, yaani ncha ya mrija wa kike inayopokea chavua, nje ya mdomo wa ua huku stameni zikiwa zimejificha. Mwingine hutoa stameni na kuificha stigma. Chuma ua moja kutoka kila mmea, angalau mimea 20, pasua kwa wembe kwa urefu, andika aina. Porini utapata karibu nusu kwa nusu. Ukipata 20 kwa 0, umehesabu bustani iliyopandwa kwa vipandikizi vya mama mmoja, yaani mmea uleule mara ishirini. Epuka pia maua ya jana, stameni zake huwa zimekauka na kukudanganya.

Kutuma mbegu kama Gray alivyofanya hakuruhusiwi kiholela siku hizi, na ni sawa, wadudu na magonjwa husafiri humo humo. Mbegu zinazotoka nchini huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Ngaramtoni, Arusha, ambako pia ndiko iliko hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa. Kwa kazi ya hapa nchini, kausha: kitawi kati ya kurasa za gazeti, kadibodi juu na chini, matofali mawili au matatu. Badilisha gazeti kila siku kwa siku tatu au nne za mwanzo. Masika ukiruka hata siku moja kuvu huingia, na jua kali nalo hubabua petali na kuzifanya zivunjike. Baada ya siku 7 hadi 10 ligusishe jani shavuni. Likiwa la baridi bado lina maji. Andika rangi ya ua siku uliyolichuma, kwa kuwa ndiyo ya kwanza kupotea.

Ila barua yenyewe haihitaji cheti. Sudan iko vitani tangu Aprili 2023, Ukraine ina miaka yake, na wapo hapa Moshi wenye marafiki kote huko. Barua zetu za zamani zilianza kwa maneno ambayo tuliyaandika shuleni bila kuyafikiri. Kwa mtu aliye vitani yanafaa kama yalivyo. Ningeandika hivi:

"Kwako dada. Sisi huku wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu. Dhumuni la barua hii, kwanza ni kutaka kujua hali yako na ya nyumbani. Pili, ukipata nafasi, na usipoipata si neno: kama kuna boga au tango karibu na mlango wako, tafuta kikono kilichoshika. Hesabu mizunguko kutoka kwenye shina hadi pale panaponyooka, kisha kutoka hapo hadi mwisho. Namba mbili zatosha. Usitoke nje kwa ajili hiyo."

Namba mbili hupita kwenye ujumbe mfupi hata mtandao ukirudi kwa dakika tano tu. Zikija, ziandike kwenye daftari kwa tarehe aliyohesabu yeye, na pembeni tarehe uliyopokea wewe, maana kukiwa na vita tarehe hizo mbili huachana sana, na boga la wiki iliyopita si boga la leo.