Nördlingen, mji wenye ukuta ndani ya shimo la kimondo

Sisi tuliokulia Lindi, ambako wageni hupelekwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kutazama magofu ya mawe ya matumbawe, huelekea kudhani kwamba mji wenye ukuta ni mji uliokwisha kuhamwa. Nördlingen, mji mdogo wa Bavaria nchini Ujerumani, ni kinyume chake: ukuta wake, ulioanza kujengwa karne ya 14, ungali mzima, na mtu aweza kuuzunguka wote kwa miguu, kilomita 2.7 hivi.

Kila usiku, baina ya saa 4 na saa 6, mlinzi aliye juu ya mnara wa kanisa la Mtakatifu George hunadi kila nusu saa, "So, G'sell, so!", yaani, "Hivyo, mwenzangu, hivyo!" Kuhusu chanzo cha mwito huo, wenyeji husimulia kwamba mwaka 1440 walinzi walihongwa waache lango moja wazi ili adui aingie, lakini mwanamke mmoja akamwona nguruwe akijikuna kwenye lango hilo, likasogea, na mwanamke huyo akapiga kelele zilizouokoa mji. Nguruwe hapati sifa kama hiyo katika pwani yetu.

Linalonivutia zaidi ni jiwe lenyewe. Mji umo ndani ya shimo lililochimbwa na kimondo yapata miaka milioni 15 iliyopita, na kanisa hilo limejengwa kwa mwamba uliozaliwa na mshindo huo, wenye chembe ndogo mno za almasi. Mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14 walifika huko kujifunza miamba kabla ya kwenda Mwezini.