Nilivyoithibitisha santuri yangu ya majaribio hapa Dodoma

Santuri ya majaribio ni kopi ya kwanza ya kiwandani, lebo yake nyeupe bila maandishi. Naanza na mafundi redio wa hapa mjini walioniambia santuri yenye lebo nyeupe tupu ni takataka, eti lebo imebanduliwa, tupa tu. Hapana jamani! Lebo ya santuri kama hizi haibandikwi na gundi, inabanwa kiwandani pamoja na plastiki ikiwa bado ya moto, ukiibandua inaacha makovu. Pitisha ukucha taratibu kutoka kwenye mistari kwenda tunduni, ukiteleza bila kukwama jua ile nyeupe imezaliwa nayo, ukikwama ukingoni kuna mjanja kabandika karatasi yake.

Yangu niliikuta Mpwapwa kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa na baa, imechanganywa na za kawaida za Morogoro Jazz kwenye boksi la sabuni. Ya spidi 45, nyeupe pande zote, upande mmoja kuna A ya wino. Enzi zile nyimbo zinarekodiwa Radio Tanzania Dar, tepu inapelekwa Nairobi maana sisi hatukuwa na kiwanda cha santuri, na kiwanda kinatoa kwanza kopi chache za kusikiliza kama kuna kasoro ndo zipigwe nyingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyovunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, hata za kawaida zikawa shida, sembuse hizi.

Kusikiliza nilisikiliza, ile sauti na lile gitaa ni Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz kabisa, ila kuujua wimbo sio ushahidi. Ushahidi ni namba. Hili nimejifunza kwa wakusanyaji wa hardcore punk, ile roki ya kasi na makelele, wa Marekani, wale wanaosaka kopi za majaribio za bendi kama Minor Threat ya Washington, wao macho yanaenda kwanza pale palipo laini kati ya mwisho wa wimbo na lebo, ndo namba za kiwandani za kutambulisha rekodi zinapochongwa.

Sasa namba zenyewe zilikuwa hafifu balaa. Kamera ya simu inaleta mng'ao tu, tochi nikaegemeza kila upande naona nusu nusu. Nikachukua ile karatasi laini inayofungiwa viatu vipya, nikaitandaza pale, penseli ya 2B nikailaza ubavu nikasugua kidogo kidogo bila kukandamiza, weee, namba zikaanza kutokea nyeupe ndani ya weusi, moja baada ya nyingine! Nikafanya hivyo hivyo kwenye kopi ya kawaida iliyouzwa dukani yenye wimbo uleule, nikaweka karatasi mbili dirishani moja juu ya nyingine. Zimelaliana mpaka mkia wa 7.

Mzee hakutaka hela. "Mwanangu, nataka nizisikie tu." Nikamrekodia boksi zima kwenye flashi na kaspika kadogo juu, kama elfu thelathini na kitu, akanipa kwa mikono miwili.

Na anayewaambia muanike santuri iliyopinda juani, kwa jua hili la Dodoma, msimsikilize! Mimi nabana kati ya vioo viwili chumbani, naweka kizito juu, naisahau wiki kadhaa.

Nina nyingine nyeupe ya Manyoni, namba nimeshazitoa, mwenzake wa dukani ndo sijampata. Wenye santuri za Nairobi za miaka ya 70 sugueni penseli mnitajie namba.