Alama milioni za Donkey Kong: video gani ipokelewe, ipi ikataliwe

Kihesabu alama cha Donkey Kong, mashine ya mchezo wa video ya Nintendo ya mwaka 1981, kina tarakimu sita tu. Mchezaji akigonga milioni, kinarudi sifuri na kuanza upya. Aliyepata 1,047,200 huachiwa 047200 kwenye kioo. Kwa hiyo picha ya skrini ya mwisho haithibitishi lolote, na mwamuzi anayeipokea kama ushahidi hajaifahamu mashine yenyewe. Tunachohitaji ni video nzima isiyokatwa, tangu mashine inawashwa hadi jina linapoandikwa.

Lakini video nayo huchakachuliwa, na inafaa kujua ni wapi udanganyifu una faida. Mchezo huu hauendelei milele. Muda wa bonasi hupatikana kwa kuzidisha namba ya hatua kwa 10 na kuongeza 40. Hatua ya 22 inatoa 260, ilhali baiti moja hubeba 0 hadi 255 tu kisha huanza upya kutoka 0, basi kinachobaki ni 4. Bonasi inaanzia 400 badala ya 8,000, na Mario anakufa baada ya sekunde chache. Mabingwa wote hugota hapohapo. Tofauti yao ni alama walizokamua njiani, na sehemu ya alama hizo ni bahati: pipa la buluu likipondwa kwa nyundo hulipa 300, 500 au 800. Anayecheza kwenye emuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga mashine, anaweza kuhifadhi mchezo katikati, akaponda, akipata 300 akarudi nyuma na kuponda tena hadi aone 800. Kisha anaunganisha vipande na kusema alicheza kwenye mashine halisi.

Ndiyo maana mgogoro wa 2018 ulikuwa mzito kiasi kile. Jeremy Young, msimamizi wa jukwaa la wachezaji wa Donkey Kong, alipinga alama za Billy Mitchell, mchezaji maarufu wa Marekani, kwa kuchunguza jinsi skrini inavyobadilika kutoka hatua moja kwenda nyingine. Bodi halisi, yaani ubao wa saketi ndani ya mashine, huchora ukurasa mpya kwa mfululizo, upande mmoja kuelekea mwingine. Matoleo ya zamani ya emuleta iitwayo MAME yaliuchora kwa mafungu, na katika fremu fulani kipande kifupi cha boriti kilijitokeza peke yake mahali ambapo bodi haikionyeshi. Aprili mwaka huo Twin Galaxies, taasisi inayotunza rekodi za michezo ya video, iliamua kwamba kanda za 1,047,200 na 1,050,200 hazikutoka kwenye bodi halisi isiyobadilishwa, ikaziondoa alama zote za Mitchell. Mitchell alikana, akaenda mahakamani, na mwaka 2024 pande mbili zilipatana. Alama zake zikawekwa katika kumbukumbu za kihistoria. Funzo la kiufundi kwa waamuzi ni hili: kanda zile zilionyesha picha ya mchezo peke yake. Hazikuonyesha mikono, kabati wala chumba. Kanda ya namna hiyo isipokelewe tena peke yake, hata ikitoka kwa nani.

Kabla ya kucheza, mashine ikiwa imezimwa, mchezaji afungue kabati na kurekodi bodi kwa karibu: lebo za chipu za ROM zinazohifadhi mchezo, nyaya zinazoelekea kwenye kioo, na swichi ndogo za mipangilio. Kwa Donkey Kong tunataka maisha 3 na maisha ya ziada kwa alama 7,000. Swichi hizohizo zinaruhusu hadi maisha 6, na ukishafunga mlango huwezi kuziona. Jostiki iwe ya pande nne kama ya asili. Kisha kamera isikatwe: mlango ufungwe, umeme uwashwe, mchezo uanze, yote katika mfululizo mmoja.

Kamera ikae nyuma ya bega, ione kioo chote na mikono yote miwili. Sauti ya chumba iachwe. Mtu anayechezesha polepole kisha kuharakisha video anaweza kurekebisha muziki, lakini mwendo wa vidole na sauti ya binadamu humsaliti. Mkato nao hujificha kwa macho na kuonekana kwenye sauti: mvumo wa feni ukiruka ghafla, simamisha na upitie fremu moja moja.

Matatizo mengi, hata hivyo, si ya udanganyifu, na mwamuzi mkali asiyejua hili huwaumiza watu wakweli. Mchezo wa alama milioni huchukua zaidi ya saa mbili. Betri haifiki, kamera ichomekwe kwenye umeme. Kadi ya kumbukumbu yenye mfumo wa faili wa FAT32 haibebi faili linalozidi GB 4, hivyo kamera hugawa video vipande. Usiviunganishe, wasilisha vyote jinsi vilivyo, mwamuzi aone kuwa cha pili kinaanza pale cha kwanza kilipoishia. Vilevile, mashine hii huchora takriban fremu 60.6 kwa sekunde, huku kamera ikichukua 60 au pungufu kidogo. Fremu itapotea kila baada ya muda mfupi, na mistari myeusi itatembea kwenye kioo. Hizo si dalili za kughushi. Kasi ya shata ya 1/60 hupunguza mistari hiyo.

Kucheza kwenye emuleta si kosa, mradi alama ziingie jedwali lake. Hapo ushahidi ni faili la INP, linalohifadhi kila mguso wa jostiki na vitufe, na mwamuzi hulichezesha upya kwenye toleo lilelile la MAME na ROM zilezile. Ukitumia toleo tofauti, Mario anaweza kuanza kutembea ovyo na kufa mapema, na watu hudhani faili ni bovu. Likiisha, MAME huandika jumla ya fremu na wastani wa kasi ya kurekodi. Kasi ikiwa chini ya asilimia 100 kwa kiasi cha maana, mchezaji atoe maelezo. Mashindano mengi hutaka WolfMAME, toleo la MAME lililotengenezwa kwa ajili ya kuziba mianya ya udanganyifu.

Anayepinga alama naye aje na kazi: muda kamili ndani ya video, jambo analolishuku, na jinsi mtu mwingine anavyoweza kulirudia kwenye bodi yake. Wajaribu angalau wawili wasioshirikiana, na mchezaji apewe nafasi ya kujibu kabla ya uamuzi. Faili asili zihifadhiwe pamoja na hashi ya SHA-256 (alama ya utambulisho inayobadilika faili likiguswa) iliyoandikwa siku zilipopokelewa. Nakala iliyopakiwa kwenye tovuti ya video imeshabanwa upya, na maelezo madogo kama ile boriti ndiyo ya kwanza kupotea.