Kumbukumbu ya mradi wangu: feni ya mkiani imezayo tabaka la mpaka

Katika awamu hii nimehesabu ni nguvu kiasi gani inayoweza kuokolewa iwapo ndege ya abiria itawekewa feni mkiani, mahali ambapo hewa iliyopunguzwa kasi na msuguano wa kiwiliwili (ndiyo iitwayo tabaka la mpaka) huachwa ipotee bure. Wazo lenyewe ni la kale kwa wajenzi wa meli, kwani rafadha, yaani panga zinazoisukuma meli, hukaa tezini, ndani ya maji ambayo meli imekwisha kuyakokota.

Nilianza na kilo moja ya hewa kwa sekunde. Ndege ikiruka kwa mita 240 kwa sekunde, na hewa ya mkiani ikiipita kwa mita 180 tu, kuirudisha hewa hiyo kwenye 240 hutoa kani ya nyutoni 60 na kugharimu wati 12,600. Injini iliyo chini ya bawa hupokea hewa ikiwa tayari na kasi ya 240, hivyo ili kutoa kani hiyo hiyo hulazimika kuifikisha 300, kwa wati 16,200. Tofauti ni asilimia 22, lakini ni ya nadharia tupu na inahusu hewa iliyomezwa peke yake. Kielelezo cha ndege ya D8, iliyobuniwa katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, na kupimwa katika handaki la upepo la NASA huko Langley mwaka 2013 na 2014, kilionyesha akiba ya takriban asilimia 8 kwa ndege nzima, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini zaidi.

Jambo lililonifurahisha ni unene wa tabaka. Nikichukulia kiwiliwili cha mita 38 kuwa bamba bapa, katika kimo cha kilomita 11, tabaka hufikia sentimita 30 hivi, na nusu yake ya ndani hubeba karibu asilimia 80 ya upungufu wote wa momenta (tungamo mara kasi). Kwa hiyo feni haihitaji kuwa kubwa kupindukia. Nimechagua feni inayozunguka mkia wote, kama ilivyo katika mchoro wa STARC-ABL, ndege ya abiria iliyopendekezwa na NASA, kwa sababu hapo hewa ya polepole huigusa feni pande zote karibu sawasawa. Injini zilizopachikwa juu ya kiwiliwili, kama za D8, huufanya kila upanga wa feni kupita hewa ya haraka na ya polepole katika kila mzunguko, na mtikisiko huo hula ufanisi na kuchosha chuma.

Uchaguzi huo una gharama yake. Feni ya STARC-ABL huzungushwa na mota ya umeme ya takriban megawati 2.6, inayolishwa na jenereta za injini za mabawani. Nilipoweka upotevu wa asilimia 10 katika jenereta, nyaya na mota, akiba yangu ya asilimia 22 ilishuka hadi chini ya 14. Nilipoongeza upotevu wa asilimia 2 katika feni kutokana na hewa iliyovurugika, ikabaki karibu 12. Watu wengi huhofia zaidi uvurugikaji wa hewa. Mimi, kwa hesabu hizi, naogopa nyaya. Uzito wa mitambo hiyo ya umeme bado sijauingiza.

Kinachofuata ni kuliacha bamba bapa na kutumia umbo halisi la mkia unaochongoka, ambako tabaka hunenepa kwa kasi. Hapo kani ya feni na ukinzani wa kiwiliwili haziwezi tena kutenganishwa, kwa maana feni yenyewe hubadili shinikizo la hewa juu ya mkia. Nitafuata mizania ya nguvu aliyoieleza Mark Drela, mhandisi wa MIT, mwaka 2009, inayohesabu nishati inayopotea badala ya kugombania kani ipi ni ya nani.